Punda wa Syokau Haonekani Mtandaoni

Benchi letu pale Kathonzweni lilikuwa zamani ubao wa nyuma wa lori, na maneno "Weka Umbali" bado yanasomeka juu yake kwa rangi nyekundu iliyochakaa, ingawa tunakaa tumebanana. Limeegemea ukuta wa duka la Abdulmalik, ambaye babu yake alitoka pwani akaja huku kuuza chumvi na nguo, akaacha mjukuu anayesema Kikamba kutushinda na birika la kahawa chungu yenye tangawizi. Nilianza kuja hapa mwaka huu, baada ya kumzika mke wangu Wavinya, kwa sababu nyumbani nilikuwa bado napika chai ya watu wawili. Walinibandika jina la Nukta: nasema kidogo, na nikisema, mazungumzo huishia hapo. Nilisomea upimaji wa ardhi chuo kikuu, na tabia ya kutaka kila kitu kijulikane kinaanzia wapi na kuishia wapi haijaniacha. Simu ya Wavinya naibeba kwenye mfuko wa shati. Naichaji kila jioni. Sijaifungua.

Asubuhi hiyo kijiwe kilikuwa na kazi rasmi. Kiema fundi redio, tunayemwita Setilaiti, na Nzuki, tunayemwita Wakili tangu alipotoa ushahidi mahakamani katika kesi ya mbuzi, na Abdulmalik mwenyewe, walikuwa wamejiunga na Macho Wazi. Hilo ni kundi la watu wa kujitolea kutoka Kitui wanaochunguza mtandao: ni nini kinafungwa, ni nani ananyamazishwa. Walifundishwa kwa siku moja, wakarudi na fulana pamoja na kanuni moja: andika ulichoona, usiandike unachodhani. Fulana bado wanazo.

Ripoti yao ya kwanza ilisema mtandao umezimwa Kathonzweni nzima. Bando la Wakili lilikuwa limeisha. Ya pili ilisema picha za mtu fulani zimefichwa na dola. Mtu huyo ni shemeji yake Setilaiti, na ndiye aliyekuwa amemfungia Setilaiti asizione picha zake. Lakini sasa walikuwa na kesi ya kweli. Syokau, anayeuza sukuma na nyanya ng'ambo ya barabara, alikuwa amepotelewa na punda wake anayeitwa Lori, yule anayembebea maji kutoka mtoni. Alituma tangazo kwenye ukurasa wa soko, ule ulioanzishwa na akina mama wa soko na ambao kila mfugaji wa pande hizi huusoma, na tangazo halikutokea. Kesho ilikuwa siku ya soko. Punda asipotangazwa leo, kesho angeuzwa kwa mtu wa mbali, na Syokau angebaki kubeba mitungi mgongoni. Zulekha, mratibu wa Macho Wazi, alikuwa njiani akija kujionea.

Wakili: Mwaitu Syokau, hebu tusomee hiyo tangazo. Polepole. Hapa tunashika ushahidi.

Syokau: Nimeisoma mara ngapi? Nyanya zangu ziko peke yake kule.

Wakili: Mama yangu, soma.

Syokau: "Amepotea. Mnene. Masikio makubwa, lakini ukimwita hasikii. Ana kamba ya manjano shingoni. Mara ya mwisho ameonekana nyuma ya ofisi ya wadi akila mahindi ya wenyewe."

Abdulmalik akaweka birika chini.

Abdulmalik: Na umesema ni punda?

Syokau: Si nimeweka picha!

Abdulmalik: Kwa maandishi, nauliza. Mahali umeandika punda.

Syokau: Picha iko na miguu nne, Abdulmalik. Unataka niandike nini tena?

Wakili: Basi kesi imeisha. Kuna mkubwa fulani amesoma, akajiona. Amepiga simu moja tu. Kifungu cha thelathini na tatu cha Katiba, kile cha uhuru wa kusema, kimevunjwa mchana, watu wakitazama.

Setilaiti: Hapana, Wakili. Hiyo ni mambo ya zamani, mtu kupiga simu. Siku hizi ni mashine. Inapita juu, inasoma peke yake.

Wakili: Inasoma Kiswahili?

Setilaiti: Inasoma mpaka Kikamba. Mimi nikitengeneza redio naisikia ikipita. Inafanya hivi: sssss.

Syokau: Hiyo ni redio mbaya.

Setilaiti: Ni mbaya kwa sababu gani? Jiulize.

Wakili alisema kwamba kabla mratibu hajafika ni lazima wafanye jaribio kama walivyofundishwa: kutuma kitu kisicho na ubaya, waone kama kitapita. Alivua kofia, akafikiri, akaandika "Habari za asubuhi" kwenye ukurasa wa soko. Akatuma.

Simu ya Wavinya ikatetemeka mfukoni mwangu. Abdulmalik akakohoa. Syokau akaangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba ameona nzi.

Simu hiyo ilikuwa ikitetemeka hivyo tangu mazishi. Nilichukulia kwamba ni rambirambi, za watu ambao habari iliwachelewa, na kwa rambirambi sikuwa na haraka.

Wakili: Inaonekana?

Abdulmalik: Kwangu hakuna.

Setilaiti: Hakuna.

Wakili: Hata salamu! Jamani, hata salamu imezuiwa! Mtu hawezi kuamka akasalimia watu!

Abdulmalik: Ngoja, ngoja. Mimi nitasema kitu na msinicheke. Ile waya ya mtandao inapita chini ya bahari, si ndio? Inatokea Mombasa, inapanda mpaka huku. Ni mlima. Sasa kitu chepesi kinapanda. Kitu kizito kinabaki Voi.

Syokau: Punda wangu amebaki Voi?

Abdulmalik: Picha yake. Wewe ulimpiga akiwa amesimama namna gani?

Syokau: Ubavu.

Abdulmalik: Unaona! Punda mzima ubavu! Ungempiga akikutazama usoni, angepita.

Wakili: Na "Habari za asubuhi" ina uzito gani?

Abdulmalik: Imekwama nyuma ya punda.

Hata Syokau alicheka hapo, akafunika mdomo kwa kanga, kisha akaacha ghafla. Niliona mabega yake. Kamba ya mtungi ilikuwa imechora mstari kila upande wa shingo.

Setilaiti alikuwa hajacheka. Alikuwa amesogea ukingoni mwa benchi, na akisogea ukingoni huwa ana jambo.

Setilaiti: Nyinyi mnafanya mzaha. Ngozi ya punda inatafutwa nchi za ng'ambo, hiyo mnajua. Wanapika dawa nayo. Sasa mtu akitaka punda wote wa Makueni, anaanza wapi?

Abdulmalik: Kwa punda?

Setilaiti: Kwa mtandao! Anahakikisha punda akipotea hakuna mtu anaweza kusema. Kwanza anakutoa mtandaoni. Baadaye anakutoa hapa. Hata mtu ni hivyo.

Wakili: Hata mtu?

Setilaiti: Jitafute kwa huo ukurasa sasa hivi. Wewe uko?

Wakili alijitafuta. Tulimsubiri. Jasho lilianza kumtoka.

Wakili: Niko. Lakini ni picha ya zamani.

Setilaiti: Haya. Umeanza kufifia.

Wakili hakutaka kushindwa na nadharia ya fundi redio. Alisimama, jambo ambalo hufanya akihutubia mahakama ambayo haipo.

Wakili: Sikilizeni. Punda alikuwa nyuma ya ofisi ya wadi. Anakula mahindi. Mahindi ya nani? Mwaitu amesema ya wenyewe. Wenyewe ni nani? Je, kama ni mahindi ya msaada, yale tuliambiwa bado hayajafika? Punda amefika, ameona magunia, amekula. Punda sasa ni nini? Ni shahidi! Hajapotea. Ameshikwa. Yuko ndani, na tangazo limefungwa ili asijulikane yuko wapi!

Abdulmalik: Na atatoa ushahidi namna gani?

Wakili: Hiyo ndiyo sababu wanamwogopa. Hawezi kuhongwa.

Syokau: Wakili, Lori anahongwa na ganda la ndizi.

Wakili akaketi, akaandika tena kwenye ukurasa, safari hii kwa herufi kubwa, akitusomea kila neno: "SERIKALI, TUNAJUA MNASOMA HAPA." Akatuma.

Mfuko wangu ukatetemeka.

Abdulmalik akakohoa tena, kikohozi kirefu zaidi, akaanza kunimiminia kahawa ilhali kikombe changu kilikuwa bado kimejaa. Ikamwagika juu ya "Weka".

Mimi: Abdulmalik, inatosha.

Abdulmalik: Samahani, mzee. Mkono tu.

Zulekha alifika wakati huo. Alishuka kwenye pikipiki akakung'uta vumbi kwenye buibui, akatusalimu mmoja mmoja akianza na Syokau. Ni mtu mzima wa makamo. Huko Kitui ana duka la dawa, na kazi hii ya Macho Wazi huifanya akishafunga hesabu za duka. Wakili alimpisha nafasi kwenye benchi, Setilaiti akaipangusa kwa kofia ya Wakili.

Zulekha: Nimekuja mbali, wazee wangu. Safari hii bando lipo?

Wakili: Lipo, dada Zulekha. Ya leo ni moto. Hata salamu imefungwa.

Walimweleza wote kwa pamoja: mkubwa aliyejiona, mashine inayopita juu, mlima wa Voi, ngozi, shahidi. Alisikiliza bila kuandika chochote, akinywa kahawa yake kidogo kidogo. Walipomaliza, alimgeukia Syokau.

Zulekha: Pole sana, mama. Wewe mwenyewe unadhani ni nini?

Syokau alinitazama, kwa muda mfupi tu, halafu akatazama barabara.

Syokau: Mimi sijui hayo mambo. Mimi nataka punda wangu tu. Na kama haiwezekani leo, basi. Nitangoja.

Wakili: Hatutangoja! Kesho ni soko!

Syokau: Nimesema nitangoja, Nzuki.

Alimwita kwa jina lake la kuzaliwa, tena kwa sauti ya chini. Sikuwa nimewahi kuona mtu yeyote akimnyamazisha Wakili hivyo, na sikuelewa.

Zulekha: Sawa. Tufanye polepole. Nani alituma mara ya mwisho?

Wakili: Mimi.

Zulekha: Tuma tena. Kitu chochote. Wengine wote wekeni simu zenu juu ya benchi, tuzione.

Setilaiti akaweka yake, na Abdulmalik, na Syokau. Nami nikaweka yangu, ya kupigia. Wakili akakwaruza kichwa.

Wakili: Dada, labda tumejaribu vya kutosha.

Zulekha: Mara moja tu, nione.

Wakili: Bando lenyewe...

Zulekha: Si ulisema lipo?

Akaandika. Safari hii hakutusomea. Akatuma.

Simu zote nne juu ya benchi zilikuwa kimya. Ile ya mfukoni ikatetemeka, ikasikika vizuri, kama mdudu ndani ya kiberiti.

Zulekha aliangalia simu za benchini, moja baada ya nyingine. Halafu akauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

Zulekha: Hiyo iliyolia ni ya nani?

Abdulmalik alichukua birika, akalitikisa, akalirudisha. Wakili alikuwa akichunguza mshono wa kofia yake. Nilingoja mmoja wao aseme. Kisha nikaelewa kwamba hawangesema, hata kama Zulekha angekaa hapo mpaka jioni, hata kama punda angefika Tanzania.

Mimi: Ni ya mke wangu. Marehemu.

Zulekha: Pole sana, mzee. Sikujua.

Mimi: Hata mimi naona kuna kitu sikujua.

Wakili alivaa kofia, akaivua.

Wakili: Nukta... mzee wangu. Unakumbuka wale matapeli wa mikopo walijaa kwa ukurasa mwaka jana? Akina mama wakasema hakuna kitu kitaonekana mpaka admini akubali. Mimi ndio niliandika hiyo sheria. Admini alikuwa mmoja.

Mimi: Wavinya.

Wakili: Wavinya.

Nilimkumbuka alivyokuwa kila jioni, miwani imeteremka puani, akibonyeza, akisema "wewe ndiyo, wewe hapana" kwa watu wasiokuwepo. Nilidhani anacheza mchezo fulani.

Mimi: Na mlijua tangu lini?

Abdulmalik: Mimi, ilipotetemeka mara ya kwanza.

Syokau: Mimi nilijua kabla ya kutuma. Nikatuma tu. Nikasema labda iko njia nyingine.

Mimi: Mngeniambia, mama. Ni simu tu.

Syokau: Si simu tu. Tunakuona ukishika mfuko.

Mimi: Na wewe, Setilaiti?

Setilaiti alikuwa ametoa macho, akitutazama mmoja mmoja.

Setilaiti: Kumbe hamkuwa mnaamini? Hakuna hata mmoja?

Hapo Syokau alicheka kwa nguvu, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na nafikiri kicheko ndicho kilichoutoa mkono wangu mfukoni. Niliijua alama ya kufungua. Nilikuwa nimemwona akiichora mara nyingi. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya mbuzi wake wa kwanza wa maziwa. Mimi sikuwemo.

Zulekha alinionyesha pa kubonyeza. Matangazo yalikuwa yamepanga foleni: mitetea, tenki la maji lililotumika, harusi ya kule Kasikeu, jogoo, na juu ya hayo yote Wakili. "Habari za asubuhi." "SERIKALI, TUNAJUA MNASOMA HAPA." Na lile la mwisho, ambalo hakutusomea: "Wavinya, tusamehe, ni majaribio tu."

Sikumtazama Wakili. Nilitelemka mpaka nikampata punda, akiwa ubavu, mnene kweli, kamba ya manjano shingoni, na nikabonyeza.

Simu tatu juu ya benchi zikalia kwa pamoja, zote isipokuwa yangu ya kupigia, na ya Wakili ikalia mkononi mwake. Ng'ambo ya barabara, kwenye kinu cha kusaga, nyingine ikalia. Abdulmalik aliinua yake, akasoma kwa sauti kabla hajafikiri:

Abdulmalik: "Wavinya ameidhinisha tangazo la Syokau."

Wakili alishikilia kofia kifuani.

Kisha jibu la kwanza likaingia chini ya picha. Syokau aliruka, akainyakua simu yake.

Wakili: Amepatikana?

Syokau: Ameandika "Bei?"

Setilaiti: Bei gani?

Syokau: Bei ya Lori! Mtu anaambiwa punda amepotea, anauliza bei! Nukta, mjibu huyo mjinga. Wewe ndio uko na admini.

Niliandika: "Hauzwi. Anatafutwa." Likatokea na jina la Wavinya kando yake, na picha yake ndogo, ile ya kitambaa cha buluu. Ndivyo angejibu pia, ila yeye angeongeza neno kali.

Tulikuwa bado tunamtukana mwenye "Bei?" jibu la pili lilipoingia. Mwanamke mmoja wa upande wa mtoni aliandika kwamba punda mwenye kamba ya manjano yumo zizini mwa jirani yake tangu juzi, na jirani anamwambia kila mtu kwamba amemnunua. Syokau hakusoma jina la jirani mara mbili. Alifunga kanga kiunoni, akamwambia Abdulmalik amwangalilie nyanya, akavuka barabara bila kuangalia upande wowote. Setilaiti alimfuata mbio akivaa fulana ya Macho Wazi juu ya shati, ili aonekane rasmi.

Zulekha: Sasa wazee, mimi niandike nini? Nani alifunga?

Wakili alivaa kofia, akaiweka sawa.

Wakili: Andika hakuna aliyefunga. Andika ukurasa ulikuwa matangani.

Zulekha hakuandika. Alikuwa ameinama juu ya simu niliyoshika, akitelemsha foleni kwa kidole, kwa adabu, kama mtu anayemsaidia mwenzake kupanga vyombo. Harusi ikaenda. Jogoo akaenda. Tenki likaenda, pamoja na salamu za Wakili za asubuhi, ingawa ilikuwa inakaribia adhuhuri. Alifika chini kabisa, kwenye tangazo la zamani kuliko yote, lililotumwa na akina mama wa soko.

Lilikuwa na picha ya Wavinya, ile ile ya kitambaa cha buluu, na jina lake lote, na saa ya ibada, na njia ya kufika kwetu kutoka barabara kuu. Chini yake kulikuwa na maneno madogo: linangoja idhini ya Wavinya.

Zulekha: Na hili, mzee? Liende?

Wakili alinitazama, nami nikamtazama Abdulmalik. Abdulmalik aliinamisha birika juu ya kikombe changu, akalishikilia hivyo, akingoja nijibu. Lilikuwa tupu; halikutoka hata tone.